The Radio Dept.: bendi ileile, milio tofauti, na jinsi ya kuupata ukungu wao bila kutengeneza tope

Swali la msomaji wetu wa Arusha: Nilitazama filamu ya Marie Antoinette nikavutiwa na nyimbo za bendi ya Uswidi iitwayo The Radio Dept. Magitaa yanasikika kama yako nyuma ya pazia, na kijana anaimba kama ananong'ona. Nikatafuta albamu yao ya 2016, nikakuta mashine za ngoma na sintesaiza, kama watu wengine kabisa. Je, ni bendi ileile? Nini kiliwabadilisha? Nianzie wapi kuwasikiliza? Halafu mimi hutengeneza muziki kwenye kompyuta na nautamani ule mlio wa mwanzo, lakini kila nikijaribu, wimbo wangu unakuwa tope. Nakosea wapi?

Jibu: Ni bendi ileile, na mwenye ile sauti ya kunong'ona ni yuleyule tangu mwanzo, Johan Duncanson. Umechanganyikiwa kwa sababu unafuata magitaa. Ukifuata magitaa utahesabu bendi nne. Achana nayo kwanza, fuata sauti ya mwimbaji: iko wapi ndani ya wimbo, na imefunikwa na nini. Hapo utaona watu walewale wakisogea taratibu upande mmoja. Mwaka 2003 sauti imefukiwa. Mwaka 2016 imesimama karibu bila nguo, ingawa mwenyewe bado haimbi kwa nguvu. Kadiri walivyozidi kuwa na la kusema kuhusu nchi yao, ndivyo walivyozidi kuyaondolea maneno ukungu.

Masikio yetu huku yamelelewa na muziki unaomweka mwimbaji mbele. Iwe taarabu, dansi au bongo fleva, maneno lazima yasikike, la sivyo msikilizaji anadai haki yake. Kwa hiyo mtu anayekutana na pop ya ndoto (dream pop), mtindo wa bendi hii, kwa mara ya kwanza hudhani fundi mitambo alikosea. Hakukosea. Katika mtindo huu sauti ya mtu ni ala mojawapo, kama kinanda, na maana ya kwanza unaipata kwenye rangi ya sauti kabla ya maneno. Duncanson na wenzake walianzia kwenye imani hiyo, kisha wakaanza kuitilia shaka.

Jina lilizaliwa mwaka 1995 mjini Lund, mji wa chuo kikuu kusini mwa Uswidi, pale Duncanson alipounda bendi na Elin Almered, waliyekuwa wakisoma pamoja. Walilichukua kwenye karakana ya redio iliyokuwa zamani kituo cha mafuta, Radioavdelningen, yaani idara ya redio. Bendi hiyo ya kwanza haikudumu. Mwaka 1998 Duncanson alianza upya na mpiga gitaa Martin Larsson, wakaendelea na jina lilelile. Ukisoma majalada, usipotee hapa: Martin Larsson wa mwanzo na Martin Carlberg wa baadaye ni mtu mmoja. Wakaingia Lisa Carlberg kwenye besi, Per Blomgren kwenye ngoma na Daniel Tjäder kwenye vinanda. Walipeleka nyimbo zao kwa jarida la muziki la Sonic, wimbo ukatoka kwenye CD ya jarida hilo, na lebo ndogo ya Labrador ikawachukua.

Albamu ya kwanza, Lesser Matters, ilitoka 2003 ikiwa na nyimbo 13. Mwaka uliofuata lebo ya XL Recordings iliitoa Uingereza, na huko ndiko wakosoaji walikoanza kuipigia debe. Walirekodi wenyewe, kinyumbani, na hilo linasikika kila mahali. Sisemi hivyo kwa kuwadharau. Watu wengi wakirekodi nyumbani hujitahidi kuficha kwamba wako nyumbani. Hawa walifanya kinyume: mkwaruzo wa vifaa kuelemewa, ule ambao fundi wa studio angeukimbia, wakaufanya rangi kuu ya picha.

Sikiliza Why Won't You Talk About It? kwa spika za masikioni, mara mbili mfululizo. Mara ya kwanza utasikia fujo: gitaa limevuka kiwango, kila kitu kinakwaruza, na sauti iko mahali fulani huko ndani, haijulikani mbele wala nyuma. Mara ya pili puuza gitaa, shika tuni anayoimba. Ni nyepesi mno, mtoto anaweza kuimba akienda dukani. Hilo ndilo linaloubeba wimbo. Kelele imewekwa juu ya tuni ambayo haiwezi kupotea hata ukiifunika blanketi tatu. Bendi nyingi za shugezi, wale wapiga magitaa wanaoinamia pedali zao mpaka huoni nyuso, zilikuwa na blanketi nzuri lakini hazikuwa na mtu wa kufunika.

Katika albamu hiyohiyo kuna Strange Things Will Happen, unaoimbwa na Elin Almered, mwanzilishi mwenza. Ni mtulivu, hauna fujo. Naupendekeza kwa sababu unaonyesha kwamba hata siku zile ukungu ulikuwa chaguo, si uzembe. Walipotaka utulivu waliujua ulipo.

Sasa tuje kwenye filamu, maana hapo ndipo wewe na wengine wengi mlipopotezwa njia. Marie Antoinette ya Sofia Coppola ilitoka 2006 ikiwa na nyimbo zao tatu: Pulling Our Weight, I Don't Like It Like This na Keen on Boys. Zote zilikuwa zimeshatoka kati ya 2003 na 2005. Keen on Boys iko kwenye Lesser Matters, mbili nyingine zilitoka kwenye EP, yaani rekodi fupi kuliko albamu. Lakini mwaka huohuo wa 2006 bendi ilikuwa tayari imetoa albamu ya pili, Pet Grief, ambayo magitaa yake yamepungua sana. Msikilizaji wa filamu alikuja kutafuta sofa la zamani, akakuta nyumba imepangwa upya.

Mabadiliko ya Pet Grief yana sababu ya kawaida kabisa, na inasaidia kuijua kabla ya kutafuta falsafa. Blomgren na Lisa Carlberg waliondoka. Bendi ikabaki bila mpiga ngoma na bila mpiga besi, na badala ya kutafuta wengine, watatu waliobaki wakaachana na ngoma za mkono. Mashine ya ngoma ikakaa katikati, vinanda vya Tjäder vikachukua nafasi iliyoachwa na mkwaruzo, na gitaa likawa kitu cha kudondosha hapa na pale. The Worst Taste in Music ndio mlango wake: kinanda kinatanda chini kama ukungu wa asubuhi, ngoma inapiga bila haraka, na sauti, kwa mara ya kwanza, ina hewa kuizunguka. Bado iko chini. Lakini sasa iko chini kwa sababu imewekwa hapo, si kwa sababu imeangukiwa na ukuta.

Wapo wanaoiona Pet Grief kuwa albamu yao dhaifu. Sikubaliani nao. Ni albamu ya rangi moja, kweli, na ukiisikiliza mchana ukiwa na shughuli haitakushika. Isikilize usiku, yote kwa mpangilio wake, bila kuruka wimbo.

Kuna jambo watu hulikosa: albamu zao zimepishana sana, 2003, 2006, 2010, 2016, na mtu anayeruka kutoka moja hadi nyingine huona mapengo yasiyoelezeka. Lakini katikati ya albamu walitoa EP na nyimbo moja moja, na humo ndimo mabadiliko yalimojaribiwa kwanza. Freddie and the Trojan Horse ya 2008 ni mfano mzuri kuliko yote. Freddie ni Fredrik Reinfeldt, kiongozi wa chama cha Moderate, aliyekuwa waziri mkuu wa Uswidi kuanzia 2006 hadi 2014. Muungano wake wa mrengo wa kulia ulishinda uchaguzi miezi michache tu baada ya Pet Grief kutoka. Ghafla bendi iliyokuwa ikiimba kuhusu mapenzi yaliyochacha na majirani wasioelewana inamtaja waziri mkuu, na sauti inasogea hatua moja mbele. Kabla ya uchaguzi wa Septemba 2010 wakatoa The New Improved Hypocrisy, wakilenga serikali hiyohiyo. Nyimbo hizi mbili hazimo kwenye albamu yoyote ya kawaida. Zimo kwenye mkusanyiko wa Passive Aggressive, ambao nitaurudia.

Albamu ya tatu, Clinging to a Scheme, ilitoka Aprili 2010. Nyimbo 10 tu, na hakuna hata mmoja uliokaa kupita muda wake. Hii ndiyo iliyowatoa nje ya mduara wa wapenzi wa indi, na kwa haki. Sikiliza dakika ya kwanza ya Heaven's on Fire kwa makini. Huanza na mtu akizungumza: ni Thurston Moore wa bendi ya roki ya Marekani, Sonic Youth, kipande kilichokatwa kutoka filamu ya 1991: The Year Punk Broke, akilalamika kwamba utamaduni wa vijana umetekwa na biashara kubwa. Baada ya maneno hayo makali ungetarajia mlipuko. Badala yake inaingia pop ya jua kabisa, vinanda vinavyorukaruka na gitaa lisilo na kinyongo. Kufuru ile na furaha ile zimewekwa sahani moja. Tangu hapo ndivyo walivyofanya siasa: hoja kali inafungwa kwenye wimbo unaoweza kuchezwa harusini.

Kwenye albamu hiyo pia utasikia Never Follow Suit, wenye mwendo wa kirege, na David, ambao ngoma yake inatembea kama biti la hip hop. Maana yake wameanza kufikiri kwa midundo. Kabla ya hapo mdundo ulikuwa msumari wa kutundikia gitaa. Baada ya hapo ndio nyumba.

Halafu kimya kirefu. Sehemu ya sababu ilikuwa mvutano wao na lebo kuhusu mkataba, na Occupied, EP iliyotoka 2015, imetokana na uchungu huo. Wimbo wenyewe una kama dakika saba, kwao ni safari ndefu isiyo ya kawaida, na umejengwa juu ya sintesaiza nzito inayozunguka mahali pamoja bila kupata njia ya kutokea. Mwaka mmoja kabla, 2014, walikuwa wametoa Death to Fascism. Ndani yake kuna kauli ya wapiganaji wa msituni wa Yugoslavia wa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, "Smrt fašizmu, sloboda narodu": kifo kwa ufashisti, uhuru kwa watu. Hakikuwa kichwa cha kutafuta sifa. Mwaka 2010 chama cha Sverigedemokraterna, chenye mizizi katika makundi ya kibaguzi, kiliingia bungeni kwa mara ya kwanza kwa asilimia 5.7 ya kura. Septemba 2014 kikapata karibu asilimia 13. Kwa vijana waliokulia Lund na kuiona nchi yao kama nyumba ya usawa, hesabu hiyo ilitisha.

Running Out of Love, Oktoba 2016, ndiyo albamu uliyoikuta. Sasa kiini cha bendi ni wawili, Duncanson na Martin Carlberg. Wimbo wa kwanza unaitwa Sloboda Narodu, nusu ya pili ya ile kauli. Wa pili, Swedish Guns, unapiga kwa mwendo wa dabu, tawi la rege lenye besi nzito na mwangwi, na unazungumzia biashara ya silaha ya Uswidi, nchi iliyojipa sifa ya amani, ambayo mwaka ule bado haikuwa mwanachama wa jumuiya yoyote ya kijeshi, lakini viwanda vyake vinauza silaha nje. We Got Game na Teach Me to Forget ni za ukumbini, hausi ya kweli. Committed to the Cause unatembea kama nyimbo za Manchester za mwishoni mwa miaka ya 1980, zile ambazo gitaa na ngoma za disko zilioana. Na katika zote hizo unaelewa anachoimba. Ile sauti iliyokuwa imefukiwa 2003 sasa unaweza kuiandikia maneno ukiwa umekaa kwenye daladala. Kama unaimba kwamba nchi yako inauza bunduki, huna sababu ya kujificha nyuma ya pazia.

Kwa hiyo, nini kiliwabadilisha? Kwanza watu waliondoka na vifaa vikachukua nafasi zao. Pili walianza kufikiri kwa mdundo. Tatu, na hili ndilo zito, walitaka kueleweka. Mnamo 2018 walitoa Your True Name na Going Down Swinging chini ya lebo yao wenyewe, Just So!, na magitaa yakarudi kiasi. Mwaka 2019 wakazikusanya EP mbili za zamani, Pulling Our Weight ya 2003 na This Past Week ya 2005, katika albamu moja iitwayo I Don't Need Love, I've Got My Band. Hiyo ikukae kichwani, kwa sababu wewe uliyeingia kwa mlango wa filamu ndiyo hasa uliyokuwa ukiitafuta.

Sasa tope lako.

Vipimo nitakavyokupa si vya bendi. Ni njia ya kufikia ukungu wa aina ya Lesser Matters ukiwa na kompyuta, gitaa moja na maikrofoni moja, na kila namba uichukulie kama mahali pa kuanzia, kisha sikio liamue.

Kosa la kwanza, ambalo nakaribia kuapa kwamba unalifanya, ni kuweka mwangwi kwenye kila traki, kila mmoja na wake. Gitaa lina ukumbi wake, sauti ina kanisa lake, ngoma ina pango lake. Vyumba vitatu haviwezi kukaa ndani ya wimbo mmoja, vinapigana, na mapigano hayo ndiyo tope. Futa yote. Fungua njia moja ya pembeni, weka mwangwi mmoja wa aina ya bamba (plate reverb) wenye urefu wa sekunde 2 hivi, kisha kila ala uipelekee humo kiasi chake. Kabla ya mwangwi huo weka ikwalaiza: kata kila kilicho chini ya Hz 300, na punguza kilicho juu ya Hz 6,000. Mwangwi wenye besi ni tope, mwangwi wenye makali ya juu ni mchanga machoni. Katikati ndimo ukungu unamokaa.

Besi usiipeleke kwenye mwangwi kabisa. Iache kavu, iwe katikati, iwe na kompresa, kifaa cha kusawazisha nguvu ya mlio, ya 4 kwa 1. Katika wimbo wa ukungu besi ndiyo ukuta unaoushika usiku ili usianguke. Ikilowa nayo, msikilizaji hana pa kushika.

Gitaa lirekodi mara mbili. Lipige kweli mara mbili, usinakili traki. Moja peleka kushoto kabisa, nyingine kulia kabisa. Tofauti ndogo za vidole vyako ndizo zinazotandaza mlio. Ukinakili utapata gitaa lilelile katikati, kubwa tu zaidi. Kisha mpangilio wa pedali: watu wengi huweka mkwaruzo kwanza, halafu mwangwi, na hapo unapata gitaa kali ndani ya chumba kikubwa. Geuza. Tanguliza mwangwi, kisha mkwaruzo uukwaruze mwangwi wenyewe. Hapo ndipo lile wingu linapotokea, kwa sababu mkwaruzo unavuta mikia yote ya mwangwi ije mbele na noti zinapoteza kingo zake. Lakini anza na mwangwi mdogo, asilimia 20 hadi 25, maana mkwaruzo utauzidisha. Na piga kodi zenye noti mbili au tatu, si sita. Kodi nzima ikipita kwenye mkwaruzo mzito inazaa noti ambazo hukuzipiga, na hizo ndizo zinazokuvurugia tuni.

Ngoma za mashine zikikaa safi juu ya magitaa ya ukungu zitaonekana kama zimebandikwa. Zipeleke zote pamoja kwenye njia moja, tengeneza nakala ya njia hiyo, na nakala uiharibu: mkwaruzo mwingi, kompresa kali, kata juu ya Hz 7,000. Kisha ipandishe polepole chini ya ile safi mpaka uanze kuihisi, usimame hapo. Ukiisikia kama kitu cha peke yake umepitiliza.

Sauti yako ndipo penye kazi. Imba kwa upole, maikrofoni iwe karibu, kama sentimita 10, na imba mara mbili. Sauti iliyoimbwa kwa nguvu kisha ikashushwa husikika kama mtu anayepiga kelele mbali. Sauti ya kunong'ona iliyoshushwa husikika kama mtu aliye karibu lakini chumba kina giza, na hiyo ndiyo siri ya Duncanson. Kata chini ya Hz 120, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 250 na 400, tumia kompresa ili kila silabi iwe kimo kimoja. Mwangwi wake uucheleweshe milisekunde 30, ili konsonanti zitoke kwanza ndipo ukungu ufuate. Kisha ishushe desibeli 3 chini ya pale ambapo ungeizoea. Ukisikia vibaya, inuka, kunywa maji, rudi.

Ukiona maneno yamepotea kabisa, usipandishe sauti. Nenda kwenye magitaa, punguza desibeli 2 au 3 kati ya Hz 1,500 na 3,000. Hapo ndipo konsonanti zinapoishi. Umefungua dirisha, hukuvunja ukuta.

Dilei, yaani mlio unaojirudia baada ya muda fulani, iwe na hesabu: gawa 60,000 kwa mwendo wa wimbo, utapata milisekunde za pigo moja. Wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unakupa 600, nusu yake 300. Dilei isiyoshikana na mwendo huleta kizunguzungu ambacho wasikilizaji wengi hawawezi kukitaja lakini huzima wimbo kwa sababu yake. Ukitaka mlio wa Swedish Guns badala ya ule wa mwanzo, fanya karibu kinyume cha yote haya: sauti kavu, ngoma safi, nafasi tupu nyingi, na dilei moja tu unayoifungulia neno la mwisho la mstari kisha unaifunga.

Kabla ya kumaliza, sikiliza wimbo wako katika spika moja, mono. Watu wako watausikia kwenye simu. Magitaa yaliyopanuliwa kwa pedali ya korasi yenye njia mbili hupendeza kwenye spika za masikioni, kisha yakifika kwenye simu yanakulana na kutoweka. Yakitoweka, toa hiyo korasi, acha kupiga mara mbili kufanye kazi yake. Na uache desibeli 6 za nafasi juu kabla ya kupeleka kwa mtu wa masta, anayeupa wimbo mguso wa mwisho. Mkwaruzo unaoutaka uweke wewe ndani ya ala. Mkwaruzo unaotokana na wimbo mzima kugonga dari ni kitu kingine, nao hauondoki.

Jaribio moja linatangulia yote haya. Zima kila kitu, shika gitaa, imba wimbo wako kavu. Kama haukushiki hapo, hakuna ukungu utakaouokoa. Why Won't You Talk About It? unapita jaribio hilo. Heaven's on Fire unapita kwa raha.

Kuhusu pa kuanzia: wewe usianze na albamu. Anza na Passive Aggressive, mkusanyiko wa nyimbo za 2002 hadi 2010, sehemu mbili. Humo utazisikia hatua za katikati kwa mfululizo, na lile pengo kati ya filamu na 2016 litajiziba lenyewe. Ukitoka hapo nenda Clinging to a Scheme, kisha Lesser Matters. Pet Grief iache mpaka uwe na usiku mmoja wa bure. Halafu rudi Running Out of Love uliyoikataa, uanze na wimbo wa tano, Occupied, kwa sauti ya juu kidogo, na usikilize besi ya sintesaiza mpaka mwisho kabla ya kushughulika na kitu kingine chochote.